Haki ya Kila Kipuri

Wazazi wanaokuja mezani pangu hapa Majengo, Mombasa, hawaanzi na habari za prosesa. Wanajua kwamba mchana mimi ni fundi wa kompyuta na baada ya Alasiri ni mwalimu wa madrasa, basi hulitaka jibu la mwalimu kabla ya jibu la fundi. Mama mmoja wa Kisauni alikuja na mwanawe aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. "Maalim," akasema, "huyu amekusanya pesa zake mwenyewe. Nyingine kauza maji baridi kivukoni, nyingine katumiwa na mjombake aliye Jeddah. Ataka kompyuta ya kuchezea gemu. Niambie kama ni halali. Na kama ni halali, nisaidie isiwe israfu." Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 70,000, na kijana alikwisha kuandika orodha ya vipuri kwenye karatasi ya daftari.

Nusu ya kwanza ya swali lake ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha ili apate kuwatazama, wala hakumwondoa mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea habari hiyo. Mimi huisimamia sana sehemu ya mwisho: hakuna mkubwa aliyemkatiza, alikoma mwenyewe aliposhiba kutazama. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anapozungumzia malezi ya mtoto katika Ihyaa, anataka mtoto apewe nafasi ya kucheza akitoka chuoni, kwa sababu mtoto anayebanwa na masomo bila kupumua moyo wake hufa, na masomo yenyewe akayachukia akaanza kutafuta hila za kuyakimbia. Nimefundisha watoto muda wa kutosha kujua kwamba hilo ni kweli tupu.

Wapo masheikh wa mwambao huu, watu ambao mimi nawabusu mikono, wanaoona gemu zote ni lagha, yaani upuuzi. Katika jambo moja niko upande wao bila kusita: gemu zinazouza visanduku vya bahati, ambapo mtoto hulipa pesa bila kujua atakachopata ndani. Hiyo ni kamari iliyopakwa rangi, na Ubelgiji, nchi isiyofuata fiqhi yetu, ilitamka mwaka 2018 kwamba ni kamari kwa sheria zake. Mengine, mpira, mbio za magari, kujenga miji, kupigana vita vya kuigiza na marafiki watano mkisemezana kwenye vipokea sauti, nayaweka katika mlango ule waliochezea Wahabeshi.

Nusu ya pili ndiyo nzito. Israfu ni nini kwa mtu aliye na shilingi 70,000?

Watu wengi wanaipima israfu kwa bei. Kitu cha 10,000 si israfu, cha 100,000 ni israfu. Lakini ukiisoma aya ya 26 ya Suratul Israa utaona kwamba kabla ya kukataza ubadhirifu imeamrisha kwanza jamaa, maskini na msafiri wapewe haki zao. Mambo hayo mawili yamekaa katika pumzi moja. Mimi nafahamu hivi: shilingi inakuwa ya ubadhirifu pale inapotua mahali ambapo haikudaiwa, huku penye deni pameachwa pakavu. Tajiri anaweza kujidanganya kwamba amelipa pote. Mwenye 70,000 hawezi, maana kila anachokiongeza hapa amekitoa pale, na anaona kwa macho yake alipokitoa.

Kuna habari nyingine katika Bukhari ambayo huwasomea wanafunzi wakubwa. Salman, yule Mfarsi, alimtembelea nduguye Abu Dardaa akamkuta anafunga mchana kutwa na kusali usiku kucha, mkewe hana tena hamu ya kujipamba. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka wote wawili kusali. Akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, na kila mwenye haki apewe iliyo yake. Mtume alipopelekewa habari hiyo akamsadiki Salman. Ajabu yake ni kwamba Abu Dardaa hakuwa mwovu. Alikuwa anatoa sana, ila alikuwa akitoa upande mmoja tu.

Orodha ya yule kijana ilikuwa na ugonjwa huo huo. Juu kabisa aliandika RTX 3070, kadi ya grafiki iliyotoka mwaka 2020, iliyokwisha kutumika, ambayo ingekula zaidi ya nusu ya pesa zake zote. Chini yake vikafuata prosesa ya zamani, RAM kijiti kimoja cha gigabaiti 8, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, "pawa saplai yoyote".

Nilimuuliza ana monita gani nyumbani. Ya inchi 22, akasema, mjomba mwingine aliileta kutoka ofisini. Hz 60, 1920 kwa 1080. Nikampa karatasi tupu tukahesabu pamoja. Monita ya Hz 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitengeneza fremu 150 kwa sekunde, 90 kati yake macho hayatazipata zikiwa nzima. Umeme umelipwa, joto limetoka chumbani, feni zimezunguka, na picha zimemwagwa. Ipo hadithi mashuhuri ya mtu aliyekatazwa kufuja maji ya udhu hata akiwa kando ya mto unaotiririka. Wanazuoni wameijadili isnadi yake, lakini maana yake imetukalia mioyoni pwani nzima, na sijaona mahali inapofaa kutajwa kama hapa: maji ni mengi, mto unapita, hayupo utakayempunguzia, na bado kufuja ni kufuja.

Wachezaji wa Counter-Strike watanipinga, na wana hoja. Fremu nyingi hupunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona, hata kwenye monita ya polepole. Anayeshindana kwa dhati, ambaye tofauti ya milisekunde kadhaa ni kushinda au kushindwa, fremu hizo ana pa kuzitia. Lakini yeye kwanza angenunua monita ya Hz 144. Kijana wa Kisauni alinitajia gemu zake: eFootball, GTA V, na Valorant pamoja na binamu zake. Aristotle alilisema jambo hili vizuri katika kitabu chake cha maadili, akitoa mfano wa Milo, mpiganaji mieleka wa Kroton. Ikiwa mina kumi za chakula, kipimo cha uzito cha Wagiriki, ni nyingi na mina mbili ni chache, haimaanishi kwamba mkufunzi ampakulie kila mtu mina sita. Kwa Milo sita ni njaa, kwa anayeanza mazoezi sita ni mzigo. Kati kwa kati ya hesabu si kati kwa kati ya mtu.

Kwa hiyo mimi huanza na macho ya mchezaji na monita yake, kisha narudi nyuma. Kwa 1080 na Hz 60, kadi ya Radeon RX 6600 inatosha, na bado kuna akiba. Ilitoka mwaka 2021, ina gigabaiti 8 za kumbukumbu na haili zaidi ya wati 132. Kijana alinuna. Jina lake halina uzito wa lile la kwanza, na katika umri ule jina ni sehemu ya kitu. Sikumdharau kwa hilo.

Ndipo tukafika kwenye pawa saplai, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Nilikuwa na moja mezani, ya bei ya chini kabisa, ya aina ambayo yeye angeinunua. Nikamwekea mkononi. Nyepesi, kasha lake la bati linabonyea kwa kidole gumba, nyaya zake nyembamba. Upande mmoja imeandikwa kwa herufi kubwa: wati 500. "Sasa soma jedwali dogo huku chini," nikamwambia. "Tafuta safu ya volti 12, uniambie ampea ngapi." Akasoma: 18. "Zidisha kwa 12." Akazidisha kwenye simu: 216. Prosesa na kadi ya grafiki hunywa kutoka laini ya volti 12, karibu nguvu yote ya mashine ya gemu inapita hapo. Zile wati 500 za herufi kubwa zilikusanywa kutoka laini nyingine ambazo mashine ya leo haizitumii sana, kisha zikavimbishwa. Na ile RTX 3070 aliyoitamani imepangiwa wati 220 peke yake. Kabla prosesa haijapata hata wati moja, kisima kimekwisha. Kijana aliitazama lebo ile muda mrefu bila kusema neno. Mamake ndiye aliyesema, "Kumbe wameandika ukweli na uongo kwenye karatasi moja."

Pawa saplai haiongezi hata fremu moja. Hakuna anayewaita rafiki zake waje waione. Ukiifungia ndani ya kasha umeiaga. Kwa sababu hiyo kila mwenye pesa kidogo huipunguza yeye kwanza, na hapo ndipo ninapoona jambo linalonihusu kama mwalimu kuliko kama fundi: haki isiyo na mdai ndiyo ya kwanza kuliwa. Qurani imerudia mara nyingi kuonya juu ya mali ya yatima, na mimi huamini sababu mojawapo ni hii, kwamba yatima hana wa kumsemea pale hesabu inapofanywa. Deni la jirani mkali hulipwa mapema. Uadilifu wa mtu haupimwi kwenye deni linalopigiwa kelele, kwa maana hilo atalilipa hata kwa aibu. Hupimwa kwenye lile ambalo akilisahau hakuna atakayejua, kwa muda.

Na muda wenyewe si mrefu katika mji huu. Umeme ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Upepo wa bahari una chumvi, skrubu za kasha hushika kutu, na miezi ya Kaskazi chumba chenye bati juu huwa na joto hata usiku. Pawa saplai dhaifu katika hali hiyo ikifa, mara nyingine haifi peke yake, hupitisha umeme mbovu ikaondoka na mazabodi au kadi. Nimezika mashine kadhaa za aina hiyo, zote zikiwa na kadi nzuri ajabu. Kwa hiyo yule kijana nilimtengea sehemu ya pesa zake, zaidi kidogo ya moja ya kumi, kwa pawa saplai ya wati 550 ambayo ampea zake za volti 12 zinalingana na jina lake. Alama ya 80 Plus haitoshi peke yake, inaeleza tu ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto, haisemi lolote kuhusu kinga za ndani. Mimi husoma jedwali, kisha napima uzito mkononi, kisha naangalia kampuni imetoa dhamana ya miaka mingapi.

RAM nilimgawia vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa vikiwa viwili prosesa husoma kwa njia mbili kwa pamoja. Diski ya SSD ya kawaida, maana zile za kasi ya juu zaidi hazibadilishi mchezo wenyewe, hupunguza sekunde chache za kusubiri. Taa za rangi alizozitaka nilimwachia ukanda mmoja. Mola ni mzuri na anapenda uzuri, na kijana aliyeuza maji juani ana haki ya kitu kinachong'aa chumbani mwake. Kasha la vioo pande zote nilikataa, linabana hewa.

Kadi za kutumika zinahitaji mazungumzo yake. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na ghafla duniani kote kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Nyingine zilifika mpaka Luthuli, Nairobi, na kutoka huko hushuka kwetu kwa basi zikiwa zimefungwa kwa nailoni. Sizikatai. Kadi iliyochimba kwa joto lisilopandashuka huenda iko salama kuliko iliyochezewa ovyo, kinachochoka zaidi ni feni, na zile pedi za kupitisha joto juu ya chipu za kumbukumbu, ambazo huanza kutoa mafuta. Unafungua, unafuta, unabadilisha, unaipa saa kadhaa za mzigo mzito huku ukitazama joto lake.

Ninachokikataa ni kuficha. Wapo wanaouza RX 580 ambayo si ile. Kadi ya asili ya jina hilo, ya mwaka 2017, ina vitengo 2304 vya kuchakata picha. Mwaka uliofuata ilitolewa nyingine kwa ajili ya soko la China yenye vitengo 2048, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kakake. Kasha la nje ni lile lile, jina kubwa ni lile lile, bei wanakuuzia ile ile. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hukuonyesha tarakimu hiyo kwa sekunde moja, na mimi siifungi kadi yoyote ya kutumika kabla mteja mwenyewe hajaisoma kwenye skrini.

Mtume alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakutana na umajimaji. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Muslim ameipokea, na mwisho wake kila mwuzaji wa pwani anaujua hata kama anajifanya hajui. Basi kadi zangu za kutumika huzibandika karatasi: imechimba sarafu, feni moja imebadilishwa, pedi mpya. Wapo wanaosoma karatasi ile wakaenda zao kununua kwa jirani kadi isiyo na karatasi. Inauma, lakini rundo langu nitaliacha lililolowa likiwa juu.

Kinababa huwa na hofu nyingine, ya kesho. "Mnunulie kubwa kabisa sasa, isije ikapitwa baada ya mwaka." Ghazali huyo huyo amelizungumzia hilo kwa urefu anapoeleza mauti, kwamba binadamu hurefusha matumaini, hujenga kwa ajili ya miaka ambayo hakuandikiwa. Anayelipa leo mara mbili kwa ajili ya gemu ambazo hazijatungwa anainunua kesho kwa bei ya leo, na mara nyingi vipuri hushuka bei kadiri muda unavyopita. Lakini kutojali kesho kabisa nako si zuhudi, ni uzembe. Kati ya hayo mawili kuna njia, na mfano wake bora ninaoufahamu ni AM4 ya kampuni ya AMD, soketi ya kupachikia prosesa kwenye mazabodi. Mtu aliyenunua mazabodi ya B350 mwaka 2017 na kuitilia prosesa ya bei ya chini, aliweza mwaka 2022, baada ya kuisasisha BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, kuipachika Ryzen 7 5800X3D, mojawapo ya prosesa bora kabisa za gemu za wakati wake. Hakulipa chochote mapema. Aliacha mlango tu. Kwa hiyo yule kijana nilimpa Ryzen 5 5600, yenye kori 6 na wati 65, juu ya mazabodi ya B550. Pesa ikija, mlango upo. Isipokuja, ana mashine nzima leo.

Wenye 25,000 je? Hao ndio wengi, na naona vibaya watu wanapowacheka. Kuna kompyuta za ofisini zinazotoka Ulaya, Dell OptiPlex 9020 kwa mfano, zenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne na pawa saplai ya wati 290 ambayo, tofauti na ile ya herufi kubwa, haisemi uongo. Ukiitilia kadi ya GTX 1650 inayokula wati 75 kutoka kwenye tundu lake la mazabodi bila waya wa ziada, mtoto atacheza mpira vizuri kabisa. Kikwazo ni kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Linux inaendesha gemu nyingi, lakini Valorant na Fortnite hazikubali. Namwambia mteja yote mawili, kisha yeye ndiye ajuaye binamu zake wanacheza nini.

Kuna mwenye haki mwingine ambaye haketi mezani. Kila mazabodi imeshikwa kwa lehemu, na lehemu kwa sehemu kubwa ni bati. Sehemu ya bati ya dunia hutoka Bisie, wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini. Tantalamu inayotengenezewa kapasita ndogo hutokana na koltani, na koltani huchimbwa Rubaya, Masisi, kwenye vilima ambavyo mwaka 2024 viliingia mikononi mwa waasi wa M23. Wachimbaji wale wanazungumza Kiswahili. Ningeweza kusimama nao tukasalimiana na kuulizana habari za nyumbani bila mkalimani. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, na hilo ni jambo, lakini karatasi hiyo haifiki Majengo pamoja na kadi. Wakati mwingine nikiwa na kikuza macho juu ya ubao, naona tone la lehemu linang'aa, na nafikiri juu ya mkono uliolibeba likiwa jiwe.

Sina fatwa ya jambo hili. Nikisema tusinunue, nitakuwa nimemnyima kijana wa Kisauni mashine bila kumshibisha yeyote Masisi. Nikisema halituhusu, nitakuwa nimefanya lile lile la "pawa saplai yoyote", kumpunguzia yule asiyeweza kudai. Ninachofanya ni kidogo: situpi ubao ambao bado unaweza kutengenezwa, nanunua vya kutumika pale vinapofaa, na mteja akitaka kubadilisha kadi nzima kwa ajili ya feni iliyokwama, nambadilishia feni. Kuongeza umri wa kitu kilichochimbwa kwa shida ni namna ya kulipa, hata kama haimfikii mwenye deni. Natamani ingemfikia.

Jambo la mwisho ni mikopo ya simu, kwa sababu ndiyo inayoivuruga hesabu hii yote. Kijana mmoja wa Likoni, utingo wa matatu, alikuja na 80,000 na akili yake imekwama kwenye RTX 3070 ile ile. Zilipungua 20,000. Akafungua simu yake mbele yangu: mkopo umekubaliwa, bado kubonyeza. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya inawapa leseni wakopeshaji hawa, lakini leseni haiondoi riba.

"Maalim, ni elfu ishirini tu. Nalipa mwezi ujao."

"Na mwezi ujao utalipa kutoka wapi?"

"Kwa kazi."

"Kazi ya mwezi ujao ina wenyewe. Kodi ya nyumba iko humo, na mamako yumo. Hawa umewauliza?"

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba bajeti ni zile pesa ambazo hakuna mwingine anayezidai. Ukizidisha kwa mkopo hujaongeza bajeti, umeingiza mkono katika mfuko wa mtu ambaye hayupo hapa kukataa. Mashine ya mkopo wa riba siifungi, na wateja wangu wanajua. Alikasirika akatoka mpaka barabarani, kisha akarudi akauliza 6600 inagharimu ngapi.

Nikamfungia hiyo, na kwa kuwa pesa zake zilizidi kidogo nilimtilia pawa saplai ya wati 650 ya uhakika. Zile 20,000 anaweka kidogo kidogo. Akizipata atauza 6600 na kuchukua 3070, na hatalazimika kubadilisha kitu kingine chochote ndani ya kasha lile. Nimempa pia namba ya fundi wa monita wa Mwembe Tayari, maana ana Hz 60 na yeye.